Mkanda Usiofunguliwa

Mkanda ulitetemeka kiunoni mwa Chemket wakati mkono wake ukiwa ndani ya kibuyu, akisugua kuta zake kwa kijinga cha moto ili maziwa ya jioni yapate harufu nzuri. Aliutoa mkono taratibu, mweusi wa makaa hadi kwenye kiwiko, akatulia kuusikiliza mwili wake. Mtetemo mfupi ni bunduki imeshikwa. Mtetemo mrefu ni bunduki imeinuliwa begani. Joto ni risasi imetoka.

Huu ulikuwa mrefu.

Akangoja joto. Halikuja. Mtetemo ukakatika, na kiuno chake kikawa kiuno tu.

"Wameinua?" aliuliza Mama Longura kutoka kwenye kivuli cha nyumba. Macho ya mama mkwe yalikuwa yameingia ukungu siku nyingi, lakini pumzi ya mtu aliyeshtuka aliisikia hata akiwa mbali.

"Wameinua, mama. Wameshusha."

"Nani kati yao?"

"Mkanda hausemi nani."

"Ulipokuwa wangu ulikuwa unasema."

Chemket alirudisha mkono ndani ya kibuyu. Mkanda haukuwahi kumwambia mtu yeyote jina. Lakini bibi huyu alikuwa ameuvaa mpaka moyo wake ulipodhoofika na mkanda ukashindwa kuusikia, na siku walipomvua alilia kama mtu aliyefiwa. Ungekwenda kwa mke wa Longura, mwanawe mkubwa, ila yeye alikuwa mjamzito, na mapigo mawili ya moyo ndani ya mtu mmoja huuchanganya mkanda. Ndiyo maana ukamfikia Chemket, mke wa mdogo, mgeni bado katika boma, mtu wa kusema maneno machache na kuyajutia hayo hayo.

Bunduki za bonde hazikukusanywa. Serikali ilijaribu, kwanza kwa maneno, baadaye kwa malori, na kila mara boma lililotoa bunduki liliibiwa ng'ombe na boma lililoficha zake. Ndipo watu wa ofisi ya amani wakaja na jambo jipya. Kila mtu abaki na bunduki yake, walisema, hatumnyang'anyi mtu haki ya kulinda mali yake. Ila ndani ya kila bunduki, huku na ng'ambo ya mto mkavu, wakatia kufuli, na ufunguo wa kufuli hilo ukawa mwili wa mwanamke. Walichukua mkanda wa ngozi wenye kauri, ule ambao akina mama wa pande zote mbili wameufunga tangu enzi za bibi zao, wakashona upande wa ndani utepe mwembamba unaosoma pigo la moyo. Mkanda ukifungwa, bunduki zote za boma ziko wazi. Ukifunguliwa, zinabaki vyuma. Na ukishafunguliwa haukubali kufungwa tena mpaka jua la kesho lichomoze, ili hasira ipate nafasi ya kupoa.

"Mtautundika ukutani," afisa aliwaambia wanawake siku ya kuwagawia. "Hatari ikija, ndipo mtaufunga."

Wanawake walitazamana. Katika bonde lile mama au mke hafungui mkanda wake mwanamume wa nyumba akiwa nje. Mkanda ndio unaomshika asianguke. Kuufungua ni kumwachia, ni kukiambia kifo kimchukue. Na wanaume wafugaji wako nje kila siku. Lakini afisa alikuwa mgeni, alikuwa amekunywa maziwa yao na kuyasifu, na hakuwa ameuliza. Wakaitikia, wakafunga mikanda, wakaenda zao. Kwa hiyo bunduki za bonde zilikuwa wazi tangu siku zilipotiwa kufuli.

Kitu kimoja tu ndicho kilichowafurahisha. Ukiubonyeza mkanda, bunduki hutetemeka mkononi mwa mwenyewe. Ofisi ilikusudia hilo liwe onyo. Wanawake wakalitumia kuwaita watu chakula.

"Bunduki yako inalia njaa," wenzake walikuwa wakimtania Limakau, mume wa Chemket, na yeye aliigonga kitako kwa vidole ili mkewe asikie kwenye mkanda kwamba amesikia.

Leo, tangu walipoondoka kuwafuata ng'ombe walioibwa alfajiri, hakuwa amegonga hata mara moja.

*

Ng'ombe walirudi kabla ya watu.

Chemket alisikia kengele ya dume jekundu, akatoka mbio na mikono yake ya makaa. Nyuma ya kundi alikuwapo Pkiach, baba mdogo wa mumewe, akichechemea, bunduki imening'inia mgongoni kama mzigo wa mtu mwingine.

"Baba mdogo, wenzako wako wapi?"

"Nipe maji kwanza."

Alimpa. Alikunywa, akamwagia mengine kwenye goti lake lililovimba.

"Tuliwakuta kwenye kichaka cha miiba," alisema. "Wezi walipotuona waliwaacha ng'ombe wakakimbia. Hata risasi haikutoka. Unavyowaona wote wapo, hata yule ndama wa madoa."

"Wezi walikuwa watu wa ng'ambo?"

"Walivaa viatu vya tairi kama mimi. Nitajuaje? Nyayo zao zilielekea milimani, si ng'ambo."

"Na Longura anajua hilo?"

"Longura ndiye aliyenionyesha nyayo." Pkiach alifuta mdomo. Hakutaka kumtazama. "Lakini anasema hatuwezi kurudi na mali yetu tu, kama watu waliotoka kuokota kuni. Anasema mtu wa ng'ambo ni mtu wa ng'ambo. Wamekwenda Lokorto."

Lokorto ni kisima. Pande zote mbili hunywesha pale kwa zamu, na leo haikuwa zamu ya kwao. Jua likiwa pale lilipo, watakaokuwa kisimani ni wanawake wa ng'ambo na mbuzi wao.

"Limakau alisema nini?"

"Alisema goti langu limeharibika, nirudi na ng'ombe."

"Sikuulizi habari za goti, baba mdogo."

Pkiach alikaa chini, akanyoosha mguu. "Hakusema kitu. Alimfuata ndugu yake. Wewe ungetaka afanye nini, aonekane mwoga mbele ya binamu zake?"

Chemket aliweka viganja viwili kwenye mkanda, akaubonyeza. Bunduki ya Pkiach ikanguruma mgongoni mwake, naye akaruka kama aliyeumwa na siafu. Akabonyeza tena. Akabonyeza na kungoja vidole vya mumewe vigonge, kule alikokuwa. Kauri zikamwachia alama kwenye viganja. Hakuna aliyegonga.

"Acha, mwanangu," Pkiach alisema kwa sauti ya chini, akiivua bunduki na kuiweka mbali. "Watadhani ugali umeiva."

*

Kisanduku cha sauti cha kupangia maji kilikuwa kwenye nguzo nyuma ya zizi, na bamba lake la jua juu limejaa kinyesi cha ndege. Kila boma lilikuwa na chake. Kilitengenezwa kwa kazi moja, kupanga zamu za Lokorto, na hakikujua kumwita mtu mwingine ila mwenye zamu wa upande wa pili. Kwa Chemket upande wa pili ulikuwa sauti moja: Asekon, mama mtu mzima ambaye hakuwahi kumwona uso. Kwenye kisanduku, ambako hakuna anayekutazama, Chemket aliweza kuongea. Walikuwa wameshaongea kuhusu minyoo ya mbuzi, kuhusu jino bovu la Asekon, na kuhusu mwanawe Ekidor, aliyeoa mke asiyejua kukamua.

"Binti wa maneno mafupi," Asekon aliitikia. "Zamu yenu ni kesho. Usianze kunililia kiu leo."

"Mama Ekidor, si maji. Wanaume wa kwetu wanakuja kisimani. Wana bunduki."

Mbuzi alilia mahali fulani karibu na Asekon. Kisha Chemket akasikia kigoda kikisogezwa.

"Kwa sababu gani?"

"Tuliibiwa ng'ombe alfajiri."

"Si sisi."

"Najua. Na wao wanajua."

"Ekidor yuko pale," Asekon alisema, na sauti yake ilikuwa imepoteza utani wote. "Ndiye mlinzi. Peke yake. Wengine ni wanawake. Mke wake yuko pale, anachota."

"Hakuna wa kumtuma?"

"Wa kufika lini? Kutoka hapa mpaka Lokorto mtu anakwenda mpaka kivuli kinageuka. Chemket, mkanda si uko kwako?"

"Uko kwangu."

"Basi fungua. Unangoja nini?"

"Na wewe ufungue wako."

Asekon alicheka bila furaha. "Unaniambia nimvue mwanangu nguo mbele ya watu wanaokuja kumwua."

"Nikifungua peke yangu, bunduki ya mwanao itabaki wazi na zao zitakuwa fimbo. Atawaua wote."

"Ni wao waliotoka kwao wakaja kwetu."

"Ndiyo. Na mmoja wao ni mume wangu."

Kisha Asekon akasema polepole, kama mtu anayepima kitambaa, "Mkanda ukifunguka unalia. Tufungue huku tunasikilizana. Wewe kwanza."

"Kwa nini mimi kwanza?"

"Kwa sababu wa kwako ndio wanaotembea. Wa kwangu amesimama."

Chemket alipeleka mkono kiunoni. Alikuwa ameshika kishikizo cha mkanda aliposikia fimbo ikigonga ardhi nyuma yake. Mama Longura alikuwa amekuja akipapasa ukuta wa zizi, na alikuwa amesimama pale kwa muda wa kutosha.

"Ukifungua," bibi alisema, "usiniite mama tena."

"Mama, wanakwenda kuwapiga risasi wanawake wanaochota maji."

"Mimi mkanda huu niliufunga baba yao alipokwenda kwenye mapigano ya mto, ukiwa ngozi tupu na kauri. Nililala nao. Niliugua nao, jasho likauozesha, sikuufungua. Akarudi. Kila alipotoka, akarudi. Alikufa kwa homa kitandani pake, mkono wake mkononi mwangu. Hakufa kwa risasi."

"Na wale waliokufa kwa risasi zake?"

Bibi aligeuka. Uso wake wa ukungu ulielekea kwenye kisanduku, ambako pumzi ya Asekon ilisikika ikipanda na kushuka.

"Hao," alisema hatimaye, "walikuwa na mama zao."

Mkanda ukatetemeka.

Mrefu. Chemket alishika nguzo. Alingoja ukatike kama ulivyokatika mara ya kwanza, lakini haukukatika. Ulitambaa kiunoni kuzunguka hadi mgongoni, na juu ya huo ukaongezeka mwingine, kisha mwingine, bunduki za boma lake lote zikiinuka moja baada ya nyingine mahali asipopaona. Alimwona Limakau akilaza shavu kwenye kitako cha bunduki, jicho moja limefumba, kama afanyavyo akivizia fisi. Alimpenda mtu yule. Alijua namna anavyokohoa anapotaka kusema jambo zito na kushindwa. Kama mama mkwe anasema kweli, basi kishikizo hiki ndicho shingo ya mumewe.

Kama si kweli, mke wa Ekidor alikuwa ameinama kisimani sasa hivi.

Alifungua.

Mkanda ulilia mlio mmoja mwembamba, ukaanguka miguuni pake. Mama Longura alitoa sauti ndogo, akageuka, akaanza kupapasa ukuta kurudi alikotoka.

"Umesikia?" Chemket alisema kwenye kisanduku.

"Nimesikia."

"Sasa wewe."

Mbuzi wa Asekon alilia. Upepo ulipita kwenye waya wa nguzo. Chemket aliegemeza sikio karibu kabisa, mpaka bati likamchoma.

"Mama Ekidor."

Alisikia pumzi. Alisikia kauri zikigongana, kama za mkanda unaoshikwa kwa mikono miwili. Mlio hakuusikia.

"Asekon. Nakuomba."

Kisanduku kikafungwa upande wa pili.

*

Aliuokota mkanda, akaujaribu kiunoni ingawa alijua hautashika. Ulikuwa ngozi. Haukumwambia kama bunduki zimeshuka, wala kama kuna aliyebaki hai wa kuzishusha. Aliurudia ule usemi wa bibi, walikuwa na mama zao, mpaka maneno yakapoteza maana. Kisha akarudi kwenye kibuyu, kwa kuwa hakujua pengine pa kuweka mikono yake, akakisugua mpaka kijinga kikavunjika ndani.

Jua lilikuwa limelegea walipotokea. Chemket alihesabu vichwa kabla ya kuona nyuso. Wote walikuwapo.

Longura alipita karibu naye bila salamu. Binamu zake wakamfuata wakitazama chini, na mmoja aliyekuwa akipenda kumtania alitema mate kando ya njia, si karibu yake, lakini kando ya njia. Limakau alikuja wa mwisho. Alienda moja kwa moja kwa mama yake, akamwinamia ili amguse kichwa. Bibi aliupapasa uso wake wote, masikio, shingo, mabega, kama anayetafuta tundu.

"Umepigwa wapi?"

"Sijapigwa, mama."

"Ulifunguliwa."

"Nilifunguliwa. Sijapigwa."

Baadaye alikuja akakaa karibu na zizi, mahali Chemket alipokuwa akikamua. Alikohoa. Alikohoa tena.

"Sema tu," alisema Chemket, paji la uso wake likiwa limeegemea ubavu wa ng'ombe.

"Tulilala nyuma ya mawe. Longura akasema kila mtu achague wake." Alikuwa akichora ardhini kwa kijiti. "Mimi nikachagua mtu aliyeinama majini. Sikumwona uso. Longura akasema sasa. Nikafyatua."

Maziwa yaliacha kulia ndani ya kibuyu.

"Ikagoma," alisema Limakau. "Zote zikagoma. Zikalia kama panzi, basi. Yule mtu akainua kichwa akatutazama. Ni msichana, Chemket. Ana mimba kubwa kuliko ya mke wa Longura."

"Na mlinzi?"

"Alitoka nyuma ya mti na bunduki yake imeinuliwa. Yake ilikuwa wazi, taa ya kufuli niliiona inawaka. Alikuwa karibu, angeweza kutumaliza kama mtu anayevunja kuni. Nikaona mikono yake inatetemeka. Nikadhani anaogopa, nikasema moyoni, mwoga ndiye hufyatua haraka. Kumbe si mikono, ni bunduki. Ilikuwa ikitikisika bila kukoma, hata kulenga hawezi. Akaitazama. Akatutazama. Akasema kwa Kiswahili, 'Mama ananiita. Na nyinyi naona wenu wamewafungia. Nendeni nyumbani.'" Limakau alikivunja kijiti. "Wale wanawake wakacheka. Tumetembea njia nzima na kicheko kile."

Chemket aliziona kauri za Asekon, zikibonyezwa na mikono miwili upande wa pili wa mto mkavu. Hakuwa ameweza kumwachia mwanawe. Alikuwa amemshika kwa nguvu zake zote, na kwa mshiko ule ule akawa amemzuia.

"Yako nayo ilitikisika," alisema.

"Tukiwa njiani kwenda kisimani."

"Ulidhani ni chakula?"

Limakau alitupa vipande vya kijiti. Ng'ombe alipiga mkia.

"Nilijua si chakula," alisema.

*

Asubuhi bunduki ya Longura haikuwapo ukutani. Pkiach alisema mwenyewe ameipeleka kwa fundi mmoja wa sokoni anayejua kukata kufuli na kuiacha bunduki nzima, na kwamba binamu wawili wamekwenda naye. Alisema hivyo akiwa anajifunga goti kwa kitambaa, akaongeza kwamba yake yeye haitaki kwenda popote, ni nzee kama yeye.

"Ofisi itajua," alisema Chemket.

"Ofisi haikujua hata kwamba hamfungui. Ng'ambo ndio watajua. Na wao pia wana mafundi."

Jua lilitoa ukingo wake juu ya mlima. Ng'ombe walikuwa wamesimama langoni, na kwenye kichaka cha miiba wale wezi, wawe nani wawe nani, hawakuwa wamekwenda mbali. Limakau alitoka akiwa na bunduki begani, akasimama mbele ya mkewe bila kusema analotaka. Wote wawili walijua.

Chemket alikuwa na mkanda mkononi.

"Nikikuita, utageuka?"

"Mwanamume hageuki kila anapoitwa na mkewe."

"Sikuuliza kila."

Alikohoa. Alitazama ng'ombe, akatazama chumba cha ndugu yake kilichokuwa kitupu. "Longura akirudi na ile yake," alisema, "ataniambia nichague kati yako na yeye." Kisha akapiga mluzi, na kundi likaanza kutoka.

Hakuwa amejibu. Chemket alisimama na ngozi ile baridi mikononi. Angeweza kuutundika ukutani kama afisa alivyotaka, na mumewe angekwenda na fimbo kwenye kichaka chenye wezi. Angeweza kuufunga, na baada ya hapo kila kilichotoka kwenye bunduki ile kingekuwa kimepita mwilini mwake kwanza.

Aliufunga. Pigo la moyo wake likaingia kwenye utepe, na mtetemo mfupi ukamjibu: bunduki imeshikwa.

Alimwacha atoke langoni. Alimwacha apite kichuguu, mpaka vumbi la ng'ombe likaanza kumficha miguu. Mama Longura alikuwa ametoka na kigoda chake, amekaa, uso ameuelekeza kule kengele zinakoelekea. Tangu jana hakuwa amemsemesha.

Chemket aliweka viganja kwenye kauri. Akabonyeza mara moja, si kwa nguvu.

Kule mbele Limakau alisimama. Ng'ombe waliendelea bila yeye, wakamwacha peke yake vumbini, mgongo wake ukiwa kwao, mrefu na mkaidi.

"Umemwita," alisema bibi. "Anafanya nini?"

Chemket alikaza macho vumbini. Aliogopa hata kupepesa macho.

"Amegeuka, mama."

Neno lile la mwisho lilikwisha kutoka. Alingoja kukatazwa. Mama Longura alibaki ameelekeza uso wake nje, akisikiliza kengele, kisha akapapasa chini mpaka mkono wake ukakipata kibuyu, akakinusa, akakisukuma upande wa Chemket.

"Hiki hakijasuguliwa vizuri," alisema. "Atarudi na kiu."